Jicho halitolewi ili lipigwe picha

Stendi ya Moshi nilimsikia mama akimkataza mwanawe, fundi ujenzi aliyerukiwa na chokaa jichoni, asiende hospitali: "Watalitoa jicho, walioshe, walirudishe." Hapana, mama yangu. Jicho limeungwa na ubongo kwa mshipa wa fahamu. Ukiukata, kuona hakurudi tena. Hakuna daktari anayefanya hivyo.

Simama mbele ya kioo utazame pale weupe wa jicho unapokutana na duara jeusi. Mpaka ule mwembamba ndio makao ya seli shina, zile zinazozaa seli mpya, za konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho. Zimejaa zaidi upande wa juu na wa chini, zikifunikwa na kope. Ngozi ya juu ya konea hujijenga upya kwa muda wa kama wiki moja, na mbegu yake hutoka hapo. Chokaa ikiziua, ngozi ya weupe hutambaa juu ya konea, na jicho huingia ukungu.

Makao hayo hukaguliwa kwa mashine ya mwanga iitwayo OCT, inayolipiga jicho picha likiwa palepale lilipo, teknolojia iliyotangazwa mwaka 1991. Unaegemeza kidevu, unakodolea taa ndogo, sekunde chache basi. Hakuna sindano wala eksirei. Haikuoneshi seli mojamoja; inaonesha vijituta zinamoishi. Ipo darubini nyingine inayogusa konea, lakini kwanza hutiwa tone la ganzi.

Na huyo kijana, chokaa ilipomwingia, alipaswa kuosha palepale kwa maji safi mengi, nusu saa nzima, ndipo akimbilie hospitali.