Je, wajua kwa nini maelfu ya watu Unguja walibadili kabila kati ya sensa mbili?

Sensa ya mwaka 1924 iliandika maelfu ya watu wa Zanzibar kuwa ni Waswahili. Ilipofika sensa ya 1931, idadi hiyo ilikuwa imeporomoka vibaya. Hawakufa wala hawakuhama. Wengi waliojiita Waswahili sasa walijiandikisha Wahadimu au Washirazi, makabila yaliyohesabiwa kuwa ya wenyeji wa visiwani.

Wengi wao walikuwa waliokuwa watumwa au watoto wao. Utumwa ulipigwa marufuku mwaka 1897, lakini alama zake zilibaki mwilini. Mtumwa wa kike alikuwa akivaa kaniki, kitambaa cha merikani kilichochovywa rangi nzito ya nili. Alipopata uhuru aliivua akajifunga kanga yenye maua, na baadaye akavaa buibui, vazi la mabibi.

Je, walikuwa wanadanganya? Wengi wangejibu ndiyo, kwamba kila mtu ana asili yake halisi ndani na wao waliificha. Mwanafalsafa wa Ufaransa Michel Foucault (1926–1984) angekataa. Kwake, hakuna nafsi iliyokwisha kukamilika inayosubiri kugunduliwa. Daftari la karani, mahakama, shule na hospitali havimkuti mtu tu, vinashiriki kumuumba. Karani anapouliza "kabila gani?", majibu yanayokubalika yamekwisha kupangwa. Naye anayejibu hakai kama udongo mikononi mwa mfinyanzi. Anajifinyanga pia, kwa nguo, kwa jina, kwa mtaa anaohamia.

Mwaka 1978, mjini Paris, Foucault alieleza uhakiki kuwa ni sanaa ya kutokubali kutawaliwa namna ile, na watu wale, kwa gharama ile. Si kukataa kila utawala. Ni kuuliza: kwa nini hivi?

Ng'ambo, upande wa mji wa Zanzibar walikokaa watu wa kawaida, ilikwisha kuuliza, Foucault akiwa bado mtoto. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika ukoo wa watumwa, aliimba kesi ya mwanamke mgeni aliyeuawa: muuaji alivuka kwenda bara, mashahidi ndio wakafungwa kwa kosa la pombe. Hukumu ya jaji ikawa inajadiliwa barazani na watu ambao mahakama haikuwahi kuwauliza maoni yao. Na mwaka 1928, mwaka aliokwenda Bombay kurekodi, wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja walivyojengea nyumba zao. Wenzao walipokamatwa, umati ulikwenda gerezani kuwatoa.