Kinundu Kisichouma: Tunavyotibu Saratani ya Seli za Merkel

"Lakini hakiumi, daktari." Sentensi hii huisikia mara nyingi, na anayeisema huwa anajifariji. Mimi ndiyo inayonitia wasiwasi. Saratani ya seli za Merkel, aina ya saratani ya ngozi, huanza bila maumivu wala muwasho: kinundu kigumu, laini juu, kinachong'aa, chekundu au cha zambarau, wakati mwingine chenye rangi ileile ya ngozi. Mara nyingi hutokea usoni, shingoni au mikononi, pale panapopigwa na jua. Leo kinalingana na dengu, baada ya wiki chache kimekuwa harage. Watu hukidhania jipu au uvimbe wa mafuta, na hata sisi wahudumu wa afya tumekosea hivyo. Ndiyo sababu takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu hugundulika wakati ugonjwa umeshafika kwenye matezi ya limfu au mbali zaidi.

Seli zenyewe, ambazo zimo ndani ya ngozi, zilielezwa mwaka 1875 na Friedrich Merkel, mtaalamu wa anatomia kutoka Ujerumani. Saratani hii ilikuja kuelezwa na Cyril Toker mwaka 1972. Kilichobadilisha uelewa wetu ni ugunduzi wa 2008, pale Yuan Chang, Patrick Moore na wenzao wa Pittsburgh, Marekani, walipokuta kirusi cha jamii ya polioma ndani ya uvimbe. Wengi wetu tunacho kirusi hicho kwenye ngozi tangu utotoni na hakitudhuru. Madhara huja kikijipachika ndani ya vinasaba vya seli, kisha kinga ya mwili ikashindwa kuiona seli hiyo. Uvimbe usio na kirusi hutokana na jua lililoharibu vinasaba kwa miaka mingi. Kwa hiyo walio hatarini zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 50, waliopandikizwa kiungo, wanaoishi na VVU na wenye baadhi ya saratani za damu.

Kinundu kinachokua haraka kisitumbuliwe wala kupakwa dawa kwa kubahatisha. Kikatwe kipande kidogo cha nyama yake, kipelekwe maabara. Chini ya darubini seli hizi hufanana mno na zile za aina moja ya saratani ya mapafu, hivyo mtaalamu wa patholojia huzipaka rangi maalumu. Kwenye seli za Merkel, protini ya keratini 20 hujikusanya kama nukta kando ya kiini. Nukta hiyo ndogo huelekeza matibabu yote yanayofuata.

Upasuaji huondoa uvimbe pamoja na ngozi yenye afya inayouzunguka, kwa kawaida sentimita 1 hadi 2. Hapa nina ombi kwa mgonjwa na ndugu zake: kabla ya kusaini fomu, ulizeni kama tezi mlinzi itapimwa. Hii ndiyo tezi ya kwanza kupokea majimaji kutoka eneo lenye uvimbe. Daktari hudunga dawa yenye rangi au mionzi kidogo karibu na kinundu, akaifuata inakokwenda, kisha akatoa tezi ile inakoishia. Hata pale mkono usipohisi tezi iliyovimba, karibu theluthi moja ya wagonjwa hukutwa na seli za saratani humo. Ngozi ikishakatwa sana njia za limfu huvurugika, na kipimo hiki hakiaminiki tena kama awali.

Seli hizi hazihimili mionzi, kwa hiyo wengi hupewa tiba ya mionzi kidonda kikishapona. Isicheleweshwe kwa miezi.

Ugonjwa ukishasambaa, zamani tulitegemea tibakemia, yaani dawa za kuua seli za saratani. Uvimbe ulinywea haraka, familia ikashukuru, na baada ya miezi michache ukarudi. Sasa tunaigeukia kinga yenyewe. Saratani hii hubonyeza kitu kama breki kwenye askari wa mwili, na dawa za kinga huiachia breki hiyo. Avelumab iliidhinishwa Marekani mwaka 2017, ya kwanza kwa ugonjwa huu, ikafuatiwa na pembrolizumab mwaka 2018. Katika utafiti wa wagonjwa 88 ambao tibakemia ilikuwa imewashinda, avelumab ilinyweza uvimbe kwa takriban theluthi moja ya wagonjwa. Kwa waliopewa pembrolizumab bila kuanza na tibakemia, ni zaidi ya nusu, na baadhi yao wamekaa miaka bila ugonjwa kurudi. Kwa maoni yangu, dawa hizi zikipatikana na hali ya mgonjwa ikiruhusu, hakuna sababu ya kutanguliza tibakemia.

Askari aliyeachiwa huweza pia kushambulia mwili wake: mapafu, utumbo, ini, tezi ya thairoidi. Kuharisha kusikokoma au kikohozi kipya chenye kubanwa pumzi kisisubiri siku ya kliniki; piga simu siku hiyohiyo. Aliyepandikizwa figo anaweza kuipoteza, hivyo uamuzi wake hufanywa pamoja na madaktari wa figo.

Saratani hii ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka miwili au mitatu ya mwanzo, kwa hiyo tunamwona mgonjwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Nyumbani, mara moja kwa mwezi, pitisha vidole polepole juu ya kovu na ngozi inayolizunguka, kisha shingoni, kwapani na kwenye kinena. Ukigusa kitu kigumu ambacho mwezi uliopita hakikuwepo, njoo kabla ya tarehe yako, hata kama hakiumi.