Umati wa Kondele si kura

Watu wakifurika kwenye mkutano wa kampeni Kondele, mtaa wa jiji la Kisumu nchini Kenya, hadi bodaboda zikose pa kupita, utasikia, "Huyu mgombea ameshashinda." Sivyo. Kura hupigwa kituo ulichojiandikisha. Kijana anayeishi Nyalenda, papo hapo Kisumu, lakini amejiandikisha kaunti jirani ya Siaya anahitaji nauli siku hiyo, si fulana. Tena rais hutakiwa kupata zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika kaunti 24 kati ya 47. Kujaza uwanja uleule mara tatu hakuongezi kaunti.

Kazi yenyewe ni ya mlango kwa mlango. Mpe kila mhamasishaji nyumba 20 hivi na daftari. Aulize: umejiandikisha wapi, na kitambulisho ulichotumia kiko? (Hapo ndipo wengi hukwama.) Siku ya kura, saa sita mchana, awapitie ambao hawajaenda. Vituo hufungwa saa kumi na moja jioni, ila aliye kwenye foleni bado atapiga.

Wakala naye, yaani anayemlindia mgombea kura kituoni, apelekewe chakula. Akiondoka na njaa kabla ya hesabu, hatapata nakala ya Fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya urais ya kituo hicho, na kukosekana kwa saini yake hakubatilishi matokeo.