Tenki la shule na choo chake: hesabu kwanza, fundi baadaye

Si vigumu kukuta shule ya msingi kijijini yenye tenki zuri lisilo na tone la maji. Tenki lenyewe huwa zima. Kilichokufa ni koki, au gata (mfereji wa kukinga maji ya paa) limening'inia, au maji yaliisha wiki ya pili ya kiangazi kwa sababu hakuna aliyepiga hesabu kabla ya kulinunua. Kamati ya shule inayotaka kuboresha maji na vyoo ianze na kalamu, karatasi na futi ya kupimia.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza lita 5 kwa siku kwa kila mtu katika shule ya kutwa, na lita 20 kwa shule ya bweni. Vyoo vya kumwaga maji vinahitaji nyongeza juu ya hapo. Shule ya kutwa yenye watu 400 inahitaji basi lita 2,000 kila siku ya masomo. Tenki la lita 10,000 lililojazwa Jumapili linakauka Ijumaa.

Sasa pimeni paa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1, na kwenye mabati zidisheni kwa 0.8 kufidia maji yanayoruka na kukauka. Upana wa paa upimwe chini, ukingo hadi ukingo, wala si kwa kufuata mwinamo wa bati. Jengo lenye paa la mita 20 kwa 8 lina mita za mraba 160. Mahali penye mvua ya milimita 800 kwa mwaka, hapo patatoka lita 102,400. Zinaonekana nyingi, lakini kwa lita 2,000 kwa siku ni siku 51 tu za masomo. Na hapa kuna kosa linalojirudia mno: paa zima linahesabiwa, kisha gata linafungwa upande mmoja. Nusu ya maji imekwenda kabla ya mvua ya kwanza.

Kwa hiyo shule isiyo na chanzo kingine iweke maji ya mvua kwa kunywa na kunawa peke yake, takriban lita 2 kwa mtu, yaani lita 800 kwa siku. Kinachoamua idadi ya matenki ni urefu wa kiangazi. Hesabuni siku za masomo zisizo na mvua. Zikiwa 60, mnahitaji akiba ya lita 48,000, sawa na matenki matano ya lita 10,000. Jumla ya milimita 80 za mvua inatosha kulijaza tenki moja la namna hiyo kutoka kwenye paa letu la mfano. Mengine yote yanamwagika. Ndiyo maana kuongeza gata penye tenki moja dogo hakusaidii kitu.

Shule yenye kisima kirefu ina nafuu ya wingi, lakini maji yapimwe kabla ya kununua pampu. Katika ukanda wa Bonde la Ufa, kuanzia Ethiopia hadi Tanzania, visima vingi vina floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita, na hiyo ndiyo inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia na, ikizidi sana, kuharibu mifupa. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua sufuriani floridi inazidi kukolea. Hapo maji ya mvua yawe ya kunywa, ya kisima yafanye usafi.

Gata na tenki

Gata linahitaji eneo la mkato la sentimita 1 ya mraba kwa kila mita 1 ya mraba ya paa linayoihudumia. Upande mmoja wa paa letu ni mita za mraba 80, basi gata la upana wa sentimita 10 na kina cha 8 linatosha. Mteremko uwe sentimita 1 kwa kila mita. Kwenye jengo la mita 20, gata likielekezwa upande mmoja litashuka sentimita 20, na mwisho wake litakuwa mbali na bati kiasi kwamba mvua kubwa inaliruka. Afadhali literemke kutoka ncha zote mbili kuja katikati, sentimita 10 kila upande, na bomba la kushushia liwe hapo. Vishikizo visiachane zaidi ya sentimita 60. Matawi na majani yaliyolowa ni mzigo.

Maji ya kwanza ya mvua hubeba vumbi na kinyesi cha ndege. Yatupwe, angalau nusu lita kwa kila mita ya mraba, yaani lita 40 kwa upande mmoja. Bomba la inchi 4 lililosimama hubeba karibu lita 8 kwa mita, kwa hiyo ungehitaji mita 5, urefu ambao jengo la kawaida halina. La inchi 6 hubeba karibu lita 18, na mita 2 na kidogo zinatosha. Chini liwekwe kifuniko cha kufungua kwa mkono chenye tundu dogo la kujimwaga polepole. Tundu likiziba na pasiwe na wa kulizibua, bomba linabaki limejaa na uchafu wote unapita juu kwenda tenkini.

Lita 10,000 ni tani 10. Msingi ukizama upande mmoja, tenki la plastiki litapasuka, la saruji litapata ufa. Bomba la kutolea maji liwe sentimita 10 juu ya sakafu ya tenki ili tope libaki, na la kumwagia yaliyozidi liwe na kipenyo sawa na la kuingizia, likiwa na wavu wa mbu. Kutibu lita 10,000 tumieni gramu 30 za unga wa klorini wa asilimia 65 hadi 70. Unga ndio utiwe kwenye ndoo ya maji, kamwe si maji juu ya unga. Uache utuame, kisha mimina maji ya juu tenkini. Baada ya nusu saa klorini iliyobaki isome kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Maji yenye tope yachujwe kwanza, maana tope hula klorini.

Kunawa

Koki nyingi hukatika kwa sababu watoto wanazining'inia. Njia imara zaidi ni bomba la mita 3 lililolazwa, lenye matundu ya milimita 3 kila baada ya sentimita 30, likifunguliwa kwa valvu moja ya chuma. Watoto kumi wananawa kwa pamoja, na valvu ya kutunza ni moja. Liwe kwenye njia ya kutoka chooni, si mbele ya ofisi. Sabuni ya kipande huibwa. Gramu 30 za sabuni ya unga ndani ya lita 1.5 za maji, kwenye chupa yenye kifuniko kilichotobolewa, haimvutii mwizi.

Vyoo

Kipimo ni tundu 1 kwa wasichana 25. Kwa wavulana 50, tundu 1 na nusu mita ya ukuta wa kukojolea. Wasichana 200 wanahitaji matundu 8. Wavulana 200 wanahitaji matundu 4 na mita 2 za ukuta. Walimu wawe na vyao. Shimo liwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na kitako chake angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini msimu wa masika.

Katika choo chenye bomba la hewa, bomba la inchi 6 lipande nusu mita juu ya paa, bila kona, na wavu wa chuma kisichoshika kutu; wa plastiki huoza kwa jua na gesi. Ndani pawe na giza kiasi, ili inzi wafuate mwanga wa bomba na kunaswa juu. Tundu lisifunikwe, kwani hewa huingilia hapo. Kwa watoto wadogo lisizidi upana wa sentimita 15, la sivyo wataogopa na kujisaidia pembeni.

Chumba kimoja cha wasichana kiwe na komeo la ndani, maji, ndoano ya nguo na pipa lenye kifuniko. Bila pipa, taulo za hedhi zinaishia shimoni, na hakuna pampu ya kunyonya itakayopita hapo. Chumba kingine kiwe na mlango wa sentimita 90, vishikio ukutani na njia isiyopanda zaidi ya mita 1 kwa kila mita 12.

Kila muhula fundi au mwalimu wa afya apime kwa mti mrefu ni kiasi gani cha shimo la choo kimebaki kabla ya kujaa. Ikibaki mita 1 hadi sakafu, anzeni kupanga kunyonya au kuchimba kwingine. Ikibaki nusu mita, choo kifungwe.