Baridi ya Mbeya haipozi prosesa

"Huku Uyole mwezi wa saba watu wanavaa makoti ndani ya nyumba, kompyuta ipate joto wapi?" Ndiyo hoja inayosikika kila gemu linapojizima katikati ya mchezo. Basi lawama inaangukia virusi, na fundi anaambiwa apige Windows upya.

Hoja hiyo haisimami. Gemu zito likiwaka, prosesa na kadi ya picha huweza kufika nyuzi 80 na zaidi hata chumba kikiwa na nyuzi 12. Joto huondolewa na hewa inayopita kwenye mapezi ya alumini au shaba chini ya feni. Fungua ubavu wa kompyuta iliyokaa kiangazi kizima karibu na dirisha uone: vumbi limeshikana kama blanketi, hewa haipenyi. Tena Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake nyepesi kuliko ya Dar, kwa hiyo feni ileile hubeba joto pungufu.

Weka HWMonitor, programu ya bure inayoonyesha joto la kompyuta. Cheza robo saa, kisha soma safu ya Max, yaani joto la juu kabisa lililofikiwa. Likikaribia nyuzi 100, chomoa umeme, shikilia feni isizunguke, safisha kwa brashi laini.

Kompyuta nzima ikikata ghafla wakati joto liko sawa, shuku pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Likijifunga gemu tu huku kompyuta ikiendelea kuwaka, mara nyingi ni draiva (programu inayoendesha kadi ya picha), mafaili yaliyoharibika au RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. RAM unaipima mwenyewe: andika mdsched kwenye menyu ya Start.