Mahindi sugu kwa viwavi: tunayoamini na yaliyo kweli

Mvua ndefu zilipokolea, katika shamba moja karibu na Maseno, magharibi mwa Kenya, nilifunua majani machanga yaliyojikunja katikati ya mmea wa mahindi. Vitundu vilikuwa vimejipanga safu moja kukata jani, na ndani kinyesi cha kiwavi kama vumbi la msumeno. Mama mwenye shamba akasema, "Na dukani waliniambia hii ni sugu!"

Dhana: Mbegu sugu haiguswi na mdudu.

Ukweli: Usugu una viwango. Mmea mmoja hukataliwa na nondo, mdudu anayezaa viwavi, anapotafuta pa kutaga. Mwingine humdumaza kiwavi anayeula. Mwingine huliwa na bado ukazaa vizuri. Vitundu vya majani peke yake havitoshi kuihukumu mbegu.

Dhana: Usugu hutoka maabara, kwa hiyo kila mbegu sugu ni GMO, yaani iliyobadilishwa jeni.

Ukweli: Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana linatufanya tudharau tulicho nacho. Mahindi huzaliwa na silaha zake. Mmea mchanga una kemikali iitwayo DIMBOA, inayowadhuru wadudu. Jeni inayoanzisha utengenezaji wake, Bx1, iko kwenye kromosomu ya 4 na ilielezwa mwaka 1997. Mmea ukikomaa, kemikali hiyo hupungua. Kinga dhidi ya viwavi wanaotoboa mabua hutegemea jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, ndiyo maana kuizalisha huchukua misimu mingi ya kuchagua. Tena watafiti wa icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu yenye kituo kule Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, waligundua kwamba baadhi ya mahindi ya kienyeji, nondo akitaga tu, hutoa harufu inayowaita nyigu wadogo wanaoangamiza mayai na viwavi. Haibridi walizozilinganisha nayo hazikufanya hivyo.

GMO ni njia nyingine: mahindi ya Bt yamepewa jeni ya bakteria wa udongoni, na protini yake huharibu utumbo wa kiwavi.

Dhana: Usugu ukishapatikana, umepatikana.

Ukweli: Afrika Kusini, viwavi wa mabua waliostahimili Bt waliripotiwa mwaka 2007. Na ukipanda tena punje za haibridi, jeni hutawanyika: mmea huu umerithi kinga, wa pembeni yake umekosa.

Yule mama bado ana mbegu ya nyamula, mahindi ya kienyeji, imening'inia juu ya meko. Nimemsihi asiisage yote.