Jani la njano halina njaa kila mara

Dhana: Majani ya mmea wa chunguni yakigeuka njano, ongeza mbolea.

Ukweli: Mara nyingi chakula kimo, ila mizizi haiwezi kukichukua. Udongo ukizidi alkali, yaani pH (kipimo cha asidi na alkali, ambapo 7 ni katikati) ikipanda kupita 7, madini ya chuma hukaa katika hali isiyoyeyuka majini. Kabla ya kugusa mfuko wa mbolea, tazama ni jani lipi lililoanza. Likiwa changa, la juu kabisa, lina rangi ya njano lakini mishipa imebaki kijani, shuku chuma, kisha pima pH. Yakianza ya chini na kufifia jani zima, hapo kweli naitrojeni imepungua: mmea huitoa kwenye majani makuukuu na kuipeleka kwenye machipukizi. Chuma hakihamishiki hivyo, ndiyo maana yanayoumia ni majani machanga.

Ukimwaga mbolea bila kuchunguza, chumvi hurundikana. Utaona ukoko mweupe ukingoni mwa chungu na ncha za majani zimeungua. Pitisha maji safi polepole, kama mara mbili ya ujazo wa chungu, yatokee chini, na sahani isibaki na maji.

Dhana: pH 5 na pH 6 hazijapishana sana.

Ukweli: Zimepishana mara 10: udongo wa pH 5 ndio wenye asidi zaidi. Nyanya, pilipili na mboga nyingine nyingi hustawi kati ya 6 na 6.8.

Dhana: Ukishapima udongo siku ya kupanda, umemaliza.

Ukweli: Shamba huchelewa kubadilika, chungu hakichelewi, kwa kuwa udongo wake ni kidogo. Maji magumu, yaani yenye chokaa nyingi, huja na baikaboneti, chumvi zinazopandisha pH kila unapomwagilia, huku mbolea zenye amonia zikiishusha. Pima tena mmea ukiwa unakua, na maji unayotumia yapimwe pia.

Dhana: Machicha ya kahawa na siki hurekebisha udongo wenye alkali.

Ukweli: Asidi nyingi ya kahawa huishia kikombeni, machicha yaliyobaki hukaribia kuwa si asidi wala alkali. Siki hushusha pH kwa muda mfupi tu, kisha vijidudu vya udongoni huimeng'enya. Salfa ya unga hufanya kazi, lakini inangoja bakteria waigeuze kuwa asidi, nao huchukua wiki kadhaa. Asiye na subira ahamishie mmea kwenye mchanganyiko mpya. Kwa chungu kidogo naona ndiyo njia nyepesi.

Dhana: Nyanya zikioza kitako, zika maganda ya mayai.

Ukweli: Maganda huoza taratibu mno kuokoa matunda ya msimu huu, na kalsiamu, madini ya kwenye maganda ambayo tunda linalooza kitako limeyakosa, kwa kawaida haijakosekana udongoni. Husafiri pamoja na maji, hivyo chungu kikikauka leo na kufurika kesho, haifiki kwenye tunda. Mwagilia kwa kiasi kile kile, udongo usikauke kabisa. Tunda lililokwisha kuoza halitapona, lichume.